Ufunguo wa Tatu

Siku hiyo duka la kuchapisha lilikuwa limefurika. Wanafunzi na makaratasi yao, mawakili na mafaili yao, mashine tatu zinanguruma na ya nne imegoma. Fundi wa mitandao alikuwa amelala chali chini ya meza akifuatilia waya mmoja mkaidi, mara kiatu chekundu kikamkanyaga vidole.

"Yalaa!"

"Jamani, samahani! Nani anajilaza chini ya meza mchana kweupe?"

"Anayetafuta riziki, dada. Toa mguu kwanza, lawama baadaye."

Alipoibuka na vumbi lake kichwani akamwona mwenye kiatu. Gauni la manjano la mikono mirefu, penseli imechomekwa kwenye nywele, ramani zimekunjwa kwapani. Alikuwa mchora ramani za nyumba, na siku hiyo alikuwa amepatikana: faili alilokuja nalo lilikuwa la zamani, na jipya limebaki kwenye kompyuta ya ofisini, upande wa pili wa mji. Mteja alikuwa anamsubiri saa nane.

"Ungenijua mapema," Fundi akasema, "faili hilo ungelivuta ukiwa umesimama hapa hapa."

"Kwa uchawi gani?"

"Uchawi wa bure. Nipe namba yako nikufundishe."

"Kumbe siku hizi ndivyo mnavyoomba namba!" Mchoraji akamkata jicho. Lakini namba aliitoa, tena akairudia mara mbili asije akaikosea.

Wiki haikuisha, Fundi yuko nyumbani kwa Mchoraji, katika chumba kidogo alichokigeuza kuwa cha kazi. Mama mtu alipita mlangoni mara tano na kitambaa cha kufutia vumbi, na vumbi lenyewe halikuwepo.

"Sikiliza, Mchoraji wangu. Intaneti ni barabara ya watu wote. Sisi tunajichimbia njia yetu ndani yake, kutoka kompyuta hii hadi ile ya ofisini. Anayepita nje haoni kitu."

"Na hiyo programu umeinunua wapi?"

"Hainunuliwi. Walioiandika wameiweka yote hadharani, mwenye macho asome, mwenye kasoro aikosoe. Chombo kiko wazi, mazungumzo ndiyo siri."

"Wewe mwenye kujenga je, huoni?"

"Kompyuta yangu ndiyo msimamizi. Naona kifaa gani kimeingia, saa ngapi, na mzigo kiasi gani, basi. Yanayosemwa ndani siyapati hata nikilia."

Akamtengenezea funguo tatu, kila mmoja mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Wa nyumbani, wa ofisini, na wa tatu. "Huu mpe unayemtaka. Mimi sitauliza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Kiapo kilikuwa rahisi, maana siku ile hakuwa na mtu wa kumwonea wivu.

Wakapendana, tena bila kificho. Simu kutwa nzima.

"Umekula, roho yangu?"

"Nakungoja wewe unilishe."

"Kwa vidole vile vya vumbi? Bora nilale na njaa!"

Wakaanza hata kuzungumza habari za posa. Mchoraji alisema upande wake ni mama tu, baba hana, na Fundi hakumchimba zaidi.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, ufunguo wa tatu ukaamka. Fundi alikuwa akikagua orodha ya vifaa asubuhi, kama ilivyo desturi yake, akakuta kifaa asichokijua kiliingia jana yake saa kumi kamili alasiri, kikatoka saa kumi na moja. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa tena. Na mzigo uliopita njiani ulikuwa mkubwa, mzigo wa video, wa watu wanaotazamana uso kwa uso.

Saa kumi na dakika tano akapiga simu.

"Mpenzi, unafanya nini?"

"Kazi. Niko bize, nikupigie baadaye?"

"Bize na nani?"

"Na ramani, na nani tena!" Akacheka, akakata.

Wivu ukampanda Fundi hadi utosini. Aliapa kutouliza, na hilo ndilo lililozidi kumchoma. Akaanza kumuumba huyo mwanamume kichwani: mrefu, shati limenyooshwa, mhandisi bila shaka, mwenye saa ya gharama na gari la ofisi. Kufika siku ya tano alikuwa anazijua hadi soksi zake. Chakula hakikushuka. Kazini aliunganisha kamera za mfugaji mmoja kwenye ofisi ya mteja mwingine, meneja akashinda asubuhi nzima akitazama kuku wa watu.

Siku ya sita akajifanya anapita mtaa ule, begi la zana begani. Dirisha la chumba cha kazi lilikuwa wazi. Akasikia Mchoraji akicheka, kicheko kile kile ambacho yeye alijua ni chake peke yake. Kisha sauti nzito ya kiume:

"Sogeza karibu nione vizuri. Hapo, hapo. Geuza kidogo."

"Na wewe hutosheki!"

"Nitosheke vipi? Siku yangu nzima ni hii saa moja."

Fundi alirudi kwake kwa miguu, hakumbuki hata alikatisha njia zipi. Akawasha kompyuta, akaufuta ufunguo wa tatu.

"Saa kumi akakodolee ukuta," akasema peke yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile akala akashiba.

Siku nne zikapita. Ya nne, Mchoraji akapiga simu.

"Mpenzi, njia imekatika. Ufunguo wa tatu haufungui kabisa. Mwanzoni nilidhani ni umeme wa kule. Nitengenezee, tafadhali."

"Wa nani huo?"

"Uliapa hutauliza."

"Kiapo nimekitengua! Ni nani huyo wa saa kumi, anayekwambia usogeze akuone vizuri?"

Mchoraji akasema polepole.

"Ulikuja kusimama dirishani kwangu."

"Nilikuwa napita."

"Na hiyo njia... usiniambie ni wewe."

"Ni mimi. Nimeikata, na ikirudi nitaikata tena!"

"Yule ni baba yangu."

Fundi akaisogeza simu sikioni zaidi.

"Alituacha nina miaka tisa," Mchoraji akasema. "Mama hataki hata jina lake litajwe humu ndani, na simu yangu anaishika kama yake. Baba alikuwa mwashi. Mwaka jana alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, hatembei tena. Nilimtafuta mwenyewe nikampata, nikaona njia yako ndiyo pekee ambayo mama hataiona, saa kumi akiwa sokoni. Nilikuficha, ndiyo. Niliona haya. Sasa siku nne amekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta anadhani na mimi nimemwacha, kama alivyoniacha yeye. Leo jirani yake kanipigia. Anasema mzee hali chakula."

"Mpenzi wangu, mimi..."

"Bado sijamaliza. Unajua tulikuwa tunatazama nini? Ramani. Ya nyumba yetu, mimi na wewe! Alikuwa ananigombeza kwamba chumba cha mitambo yako nimekibana mno. 'Geuza kidogo nione.' Hayo ndiyo uliyoyasikia."

Fundi alijiona mdogo kama sisimizi. "Naurudisha sasa hivi."

"Hapana. Nipe usimamizi wote."

Akamtajia neno la siri herufi moja moja, kama anayetubu. Muda mfupi baadaye kioo chake kikaandika kwamba kifaa hiki kimeondolewa kwenye mtandao. Akatazama simu, bado iko hewani.

"Siku nne," Mchoraji akasema. "Kama yeye." Akakata.

Siku zile Fundi hakwenda popote mchana. Ikifika saa kumi alikaa mbele ya kioo cheusi, mikono magotini. Simu zake hazikupokelewa. Siku ya kwanza alijitetea, ya pili akamlaumu mama mtu, ya tatu akawa anamfikiria tu yule mzee na kiti chake. Aliogopa. Akiwa mkweli, aliona angekuwa yeye ndiye Mchoraji, njia hiyo asingeifungua tena.

Siku ya nne alivaa shati safi. Saa kumi ikapita. Na dakika kumi. Na dakika ishirini. Saa kumi na nusu kioo kikawaka; Mchoraji amemfungulia njia.

Mchoraji upande mmoja, gauni la manjano, macho yamevimba. Upande wa pili mzee mwenye mvi, mabega mapana ya mwashi, blanketi miguuni.

"Huyu ndiye aliyenikata?" mzee akauliza.

"Ndiye, baba."

"Nisamehe, mzee wangu. Wivu ulinipofusha. Nilikukosea wewe, nikamkosea na yeye zaidi."

"Wivu naujua," mzee akasema. "Mimi ulinitoa nyumbani kwangu. Nilimpekua mke wangu mpaka nikachoka, sikukuta kitu, nikaondoka hivyo hivyo kwa aibu. Wewe unataka kuishia kwenye kiti kama hiki, ukimtazama mwanao kwa saa moja?"

"Hapana, mzee."

"Basi sema unachotaka, muda wetu unakwisha."

"Namtaka binti yako. Funguo zote akae nazo yeye. Akinifungia nje, nitabisha hodi kama watu wengine."

Mzee akacheka hadi akakohoa, kikohozi kirefu. Hapo mlango ulio nyuma ya Mchoraji ukasukumwa, na mama mtu akasimama pale, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Mama nilimwambia yote juzi," Mchoraji akanong'ona. "Hajasema na mimi neno."

Mama hakumtazama binti. Alikisogelea kioo.

"Hicho kikohozi bado unacho?" akauliza. "Si nilikwambia uache kulala na dirisha wazi?"

Mzee akainamisha kichwa. Mama akavuta kiti, akaketi, akakunja kitambaa mapajani.

"Na wewe wa chini ya meza," akamwambia Fundi, "njoo kesho na wazee wako, mlangoni, si dirishani. Haya, mtoto, geuza hiyo ramani na mimi nione."