Mdomo wa Kasuku

Gundi ya mdomo ilikataa kukauka. Macho yalikuwa yameshika, pua imeshika, masikio yote mawili yameshika barabara, ila mdomo ukiugusa ulikuwa laini, una uvuguvugu, kama wa mtu aliyetoka kunywa chai. Mama Kiraka alijifuta kidole kwenye gauni, akasema labda unga wa gundi haukuiva, akaendelea na shughuli zake.

Jina la Kiraka alilipata kwa kazi yake ya kolaji. Hukata magazeti, vitambaa na karatasi za ukutani, akavipanga ubaoni na kuvibandika mpaka vikawa mtu au mji. Mumewe, seremala, alizitilia fremu picha hizo chumba cha pili. Binti yao mmoja, wa miaka minane, walimwita Kasuku kwa kusema kwake kutwa. Baba mtu alikuwa akitania kwamba huyu hata akilala, mdomo unabaki zamu.

Picha hiyo ya mdomo usiokauka aliiagiza bibi mmoja ambaye nyumba yake iliungua pamoja na kila picha ya marehemu mwanawe. Bibi alikaa kwenye kigoda akichagua vipande: jicho hili silo, hili ndilo, pua ipunguzwe kidogo. Kilichosumbua ni mdomo. Midomo ya magazetini yote inachekea dawa ya meno, na marehemu, alisema bibi, alikuwa akicheka amefumba, kama aliyeficha pipi shavuni.

Mdomo wa namna hiyo Mama Kiraka alikuwa nao ukutani, kwenye picha ya Kasuku. Bibi alipoondoka, akaishusha, akaukata kwa wembe, akaubandika kwenye uso wa marehemu. Ukakaa kana kwamba ulizaliwa hapo. Mungu ndiye ajuaye nia za waja wake, na tamaa ya kumaliza kazi vizuri si dhambi. Lakini kuchukua sura ya mtoto aliye hai ukaivika maiti, tena bila hata kulitaja jina la Mola, ni kuacha mlango wazi ukaenda kulala.

Kesho yake Kasuku hakusema neno. Zahanati walimchungulia koo, wakasema ni safi, huenda mtoto amesusa. Alikula, alicheza, alimtazama kila mtu bila kupepesa, midomo imefumba. Nyumba ikawa kimya hata randa ya seremala ikasikika kama inaparua mfupa. Ikaja na harufu ya nywele zilizoungua, na kila walipoitafuta iliwarudisha kwenye ile picha.

Mchana mmoja seremala alitoka chumbani kwake, alikokuwa akiitilia picha ile fremu, uso umempauka.

"Mke wangu," alinong'ona, "Kasuku yuko wapi?"

"Yuko uani, anaanika nguo. Si huyo namwona dirishani?"

"Basi nani ananiita baba kule ndani?"

Wakasimama wameshikana mikono, Mama Kiraka akimwona mtoto kwa dirisha, mgongo kwao, akining'iniza shati taratibu kwenye kamba, na huku nyuma yao, kutoka kwenye ubao wa ile picha, sauti ile ile ya Kasuku, nyembamba, iliyokwama kidogo kama inapita kwenye karatasi, ikisema baba, baba njoo, kuna giza huku, mpaka yule wa uani akaacha shati, akageuka polepole, akawatazama.

Wakamwita mwalimu wa dua. Akaitazama picha kwa muda, akaonya isichomwe na mdomo ukiwa ndani, maana sauti ya mtoto itaondoka na moto. Ubanduliwe kwanza, bila kuchanika, urudishwe kwenye picha yake, ndipo uso huo uteketezwe. Na lolote litakalosema kutoka pichani lisijibiwe, kwa kuwa majini wabaya ni waongo.

Kasuku akakalishwa kitini. Mwalimu akaanza kusoma. Mama Kiraka akalowesha kitambaa maji ya moto, akakiweka kwenye mdomo wa picha tu, akasubiri gundi ilegee, akapenyeza ncha ya kisu.

"Mama, unaniumiza," picha ikasema. "Huyo wa kwenye kiti si mimi."

Akakiinua kisu. Mwalimu akamwashiria aendelee.

"Mama, nimekukosea nini?"

Akafumba macho, akavuta. Mdomo ukatoka mzima. Alipoubandika mahali pake kwenye picha ya mtoto, yule wa kitini akavuta pumzi, akasema, kwa sauti yake ya siku zote, kwamba ana njaa. Seremala akalia kama mtoto. Mwalimu akamshukuru Mungu, akanawa, akaaga.

Wakaipeleka picha uani. Seremala akarudi ndani kuchukua mafuta ya taa, na Mama Kiraka akabaki na kiberiti mkononi, mtoto kando yake, na hapo ndipo alipoona kwamba macho yale ya karatasi, ambayo kitambaa chake hakikuyagusa hata kidogo, yalikuwa yakijaa maji na kuyamwaga, yakijaa na kuyamwaga, na chini yake kingo za tundu ulipokuwa mdomo zilifumbuka na kufumba, zikafumbuka tena, kama mtu anayeita kwa nguvu zake zote na hana cha kuitia.

"Mbona unachelewa, mama?" mtoto akamuuliza kwa upole. Akakitoa kiberiti katika vidole vya mama. "Nipe, nikusaidie."