Matawi Yasiyo na Mizizi

Kila jioni akitoka shule, Kiduchu alichukua ndoo akaenda kumwagilia miche nyuma ya nyumba mpya. Nyumba zilisimama kimya, hazina watu. Kampuni iliyozijenga iliahidi kwamba kila nyumba ikiuzwa, sehemu ya pesa itarudisha msitu uliofyekwa zamani, mwaka hadi mwaka. Baba yake alikuwa mtunza miche, na pale waliishi wao wawili tu. Hakukuwa na mtoto hata wa kugombana naye.

Basi siku nyingine aliiacha ndoo, akakaa kando ya barabara kutazama watoto wa ng'ambo ya barabara wakicheza mpira. Jua halikumsubiri. Safu nzima ya miche ikakauka.

Shangazi, muuzaji wa nyumba hizo, akapiga simu. "Kaka, kesho naleta mteja. Mama mmoja na binti yake. Nataka kuona kijani."

Kiduchu alisikia neno binti tu. Asubuhi, baba akifagia nyumba ya maonyesho, Kiduchu alikata matawi mabichi akayachomeka palipokufa miche. Yalipendeza kuliko miche yenyewe.

Mteja alifika, akaangalia safu zile. "Kumbe pesa yangu itaishia hapa?"

"Hapa hapa, dada. Wajukuu zako watakaa kivulini," shangazi alisema.

Binti akamnong'oneza Kiduchu, "Tukihamia, utanifundisha kumwagilia?"

Kiduchu aliyatazama matawi. Akinyamaza, amepata rafiki.

"Haya hayamwagiliwi," alisema. "Ni matawi tu. Miche niliiacha ikafa." Akang'oa moja wakaona.

Shangazi alishika kiuno. "Mwanangu, umeniua."

Mteja alisema atafikiria, akaondoka na binti yake. Kiduchu alilitazama gari mpaka vumbi likatulia.

Baba hakugomba. "Lete jembe," alisema. Wakapanda upya. Tangu hapo Kiduchu alimwagilia kila jioni, hata kelele za mpira zilipomwita.

Mvua zilipokaribia, mteja akarudi. "Nyumba ya pembeni naichukua."

"Nilidhani umetukimbia," shangazi alisema.

"Msitu huu utachukua miaka mingi, na mimi sitakuwa nyuma yenu kila siku. Nataka watu watakaoniambia ukiharibika. Huyu mtoto aliniambia."

Jioni baba alikaa na Kiduchu mlangoni. "Siku ile ulidhani umepoteza rafiki. Ungenyamaza, ungempata, halafu kila siku ungeomba asiguse tawi. Huo ndio upweke mbaya zaidi, mwanangu. Sema ukweli mapema, kisha ushike jembe."