Ukucha Uliopakwa Wino

Kila asubuhi Nasieku aliteka maji kwenye kioski cha kisima, akamwandalia babake chai, kisha akashika njia ya shule huku akikwepa vumbi la malori ya saruji yanayopita Kitengela. Alikuwa Gredi ya Sita. Walimu walimpenda kwa sababu aliwatunza watoto wa Gredi ya Kwanza, naye, tuseme ukweli, alipenda sana kusifiwa kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana wauguzi walipokuja shuleni kuchanja watoto dhidi ya surua, Mwalimu Kahiga alimpa jukumu la kuwashika wadogo mikono ili wasilie. Aliwaambia kuwa sindano haishindi kuumwa na siafu. Wakamwamini. Lakini zamu ya darasa lake ilipokaribia, alianza kurudi nyuma ya foleni. Yeye aliyewagawia wenzake ujasiri siku nzima hakuwa amejibakishia hata chembe.

Kila aliyechanjwa alipakwa wino mweusi kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nasieku aliteleza nyuma ya darasa, akatoa kalamu nene ya kuandikia mabango, akajipaka mwenyewe. Hakuna aliyemwona. Mwalimu Kahiga hata aliwaomba wanafunzi wampigie makofi kwa uhodari wake, naye akayapokea.

Siku kumi baadaye, homa ilimwangusha. Jumatatu asubuhi vipele vilichomoza nyuma ya masikio, vikashuka usoni, na macho yakawa mekundu. Mamake, Naserian, alikuwa Kajiado kwa nyanya tangu wiki mbili zilizopita, pamoja na Lemein, kitinda mimba wa miezi saba. Aliposikia bintiye anaumwa, alirudi siku hiyo hiyo adhuhuri, akampeleka zahanati.

Muuguzi wa pale, Sista Wacuka, alimpima joto, akautazama ule ukucha, akauliza alichanjwa lini. Mama akamweleza kama alivyoambiwa kwa simu. Uso wa Sista ukalegea. Alisema chanjo yenyewe wakati mwingine huleta homa na vipele kwa siku chache, na vipele vya namna hiyo havimwambukizi mtu.

"Kwa hivyo anaweza kukaa na mtoto?" mama aliuliza.

"Hakuna shida, Mama Nasieku. Si amechanjwa?"

Nasieku alisikia kila neno. Akakikunja kile kidole ndani ya kiganja.

Nyumbani, mama alimlaza Lemein kando yake ili aende kuanika nguo. Mtoto akacheka, akakishika kidole cha dadake, kile kile chenye wino, akakitia mdomoni. Nasieku akakichomoa haraka na kugeukia ukutani. Aliona aibu iliyomchoma kuliko homa. Hata hivyo hakusema. Alijiambia pengine ni vipele vya joto tu, na jua likachwa akiwa bado anajidanganya.

Asubuhi iliyofuata Lemein alipiga chafya mara mbili. Pengine lilikuwa vumbi tu, lakini Nasieku hakuweza kuvumilia tena. Alimfuata babake, Ezra, mnunuzi wa ng'ombe, aliyekuwa uani akijiandaa kwenda mnadani.

"Baba, huu wino nilijipaka mwenyewe. Sikudungwa sindano."

Ezra aliiweka chini fimbo yake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wewe ulikuwa unaficha yako, na anayeweza kuumia ni mtoto asiye na hatia. Funika mdomo na leso. Twende."

Walipofika zahanati pamoja na mama na Lemein, Sista Wacuka alimtenga Nasieku kwenye chumba cha peke yake, kisha akauliza saa ambayo Lemein alirudi kutoka Kajiado. Mama akasema jana adhuhuri. Sista akashusha pumzi. Alisema siku tatu hazijapita tangu mtoto aukaribie ugonjwa, na mara moja akaanza kutayarisha sindano. Ezra akauliza chanjo itafaa nini ikiwa ugonjwa tayari umo nyumbani.

"Mwilini kuna chembe za ulinzi zinazozunguka kama wachungaji," Sista alieleza. "Zikikuta virusi, huvimeza na kuvikatakata, halafu hutundika kipande nje. Kipande hicho huitwa antijeni. Hukipeleka kwenye tezi, hapa shingoni na kwapani, ambako chembe nyingine, ziitwazo chembe T, zinangoja. Chembe T ni nyingi mno, na kila moja inajua alama yake tu."

"Ni kama sikio la ng'ombe aliyeibwa," Ezra alisema. "Ukileta sikio tu bomani, anayeijua ile mikato ya alama ndiye atakayeinuka."

"Ndivyo hasa, Baba Nasieku. Ikiinuka, inazaana mpaka inakuwa jeshi, na baadhi hubaki zikiikumbuka ile alama. Lakini hiyo kazi huchukua siku kadhaa. Ndani ya chanjo kuna virusi vya surua vilivyodhoofishwa. Tukimpa mtoto leo, alama itaonyeshwa mapema, na jeshi lake lina nafasi ya kuamka kabla surua yenyewe haijaenea. Tungengoja siku mbili zaidi, tungekuwa tumechelewa."

Kutoka chumba cha pili Nasieku, aliyesikia maelezo yote, alimsikia Lemein akilia sindano ilipomwingia. Naye akalia.

Alitengwa mpaka hatari ya kuambukiza ikapita. Aliporudi shuleni, alimwomba Mwalimu Kahiga ruhusa ya kusema ukweli mbele ya wale wadogo. Akawaeleza jinsi alivyojipaka wino. Muno wa Gredi ya Kwanza, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemshika mkono, akauliza, "Kwani uliogopa?"

"Niliogopa," Nasieku alijibu.

Wiki tatu zilipopita, Lemein hakuwa na homa wala kipele. Sista Wacuka alimkagua, akamkumbusha mama kuwa mtoto bado atahitaji chanjo yake ya miezi tisa. Nasieku alitaka kumshukuru, lakini Sista akamkatiza.

"Zile chembe haziwezi kuonyesha zisichokikuta," alisema. "Ndiyo maana chembe nyingine zikiona alama, huamka. Wewe ulinionyesha chanjo ambayo haikuwepo, nami nikalala. Ulipokuja na ukweli, nikaamka. Aibu uliyoiona siku ile ndiyo imemwokoa ndugu yako. Lakini siku nyingine, binti yangu, usiilaze mpaka asubuhi."

Nasieku aliitikia bila kuinua macho, akampokea Lemein kutoka kwa mama, akambeba mgongoni.