Betri Juu ya Bati

Mwaka 1983 betri mpya ilikuwa adimu kuliko sukari. Ndiyo maana siku ya mnada wa Karatu watu walisimama kushangaa meza ya Inosenti, fundi redio. Juu yake palikuwa na kijumba cha mkebe wa maziwa, na balbu tatu za tochi ziliwaka madirishani. Hyasinta naye akasimama, gauni lake la maua ya njano limejaa vumbi jekundu hadi magotini.

"Fundi, humo anaishi nani?"

"Mwenye nyumba yupo, dada. Mpishi ndiye hajapatikana."

"Basi atalala njaa na taa zake!"

Tangu hapo hakukosa mnada. Inosenti alimfundisha kuunga nyaya, chanya na hasi, mpaka vidole vyao vikazoeana. Mwezi wa tano alimpa kile kijumba.

"Mpenzi, nimepata kazi Arusha. Jumamosi magharibi nitapita kwenu. Ukinikubali, kiwashe dirishani. Nikikuta giza nitaelewa, wala sitakusumbua."

"Fundi mzima, huna mdomo?"

"Mbele ya baba yako mzee Piusi? Sina."

Jumamosi asubuhi Hyasinta alitaka taa ziwake kuliko siku zote. Akatoa betri, akazianika juu ya bati zirudishe nguvu, kama kila mtu alivyofanya, kisha akaenda kuchota maji. Mvua ikamtangulia kurudi.

Magharibi alisimama nyuma ya pazia, akibonyeza swichi ya kijumba, lakini betri zilizolowa hazikuwasha kitu. Hatua zikasimama barabarani. Baba alikuwa sebuleni, na binti wa Piusi hamwiti mwanamume kwa kupaza sauti. Hatua zikaendelea.

Hakulia. Alipika, alifagia, alikwenda kanisani. Hakuhisi kitu. Siku moja alipiga simu kutoka posta, hadi duka la redio Arusha.

"Halo? Inosenti hapa. Halo?"

Hyasinta aliisikiliza sauti hiyo. Akarudisha simu mahali pake, akaenda kununua chumvi.

Krismasi Inosenti alikuja na suruali ya bugaluu, pana miguuni, iliyokwisha pitwa na wakati, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Nimefuata kijumba changu."

Hyasinta akamletea. Fundi ni fundi, alikifungua palepale. Ndani mlikuwa na kutu na unga mweupe.

"Betri hizi zililowa?"

"Nilizianika. Mvua ikanyesha."

"Lini?"

"Jumamosi ile."

Inosenti akakaa kizingitini.

"Hya, mbona hukuniambia?"

"Ulisema utaelewa."

Ndani mzee Piusi alikohoa. Inosenti akainuka, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni:

"Hyasinta, utanikubali nikuoe?"

"Nimekubali. Ila usitafute furaha usoni mwangu. Nimekuwa na ganzi miezi saba."

"Nitakaa hapahapa."

Hyasinta aliinama kukiokota kijumba. Akaona matone yakianguka juu ya bati lake, akatazama juu kuona kama mvua imeanza tena. Anga halikuwa na wingu; mashavu yake ndiyo yaliyolowa.