Kayaki Nyuma ya Ukuta wa Ruba

Adhuhuri ile Ruba alikuwa ndani akipepeta mchele, kijiji chote cha Shela kimelala kwa joto. Alikuwa kwenye eda, na mwenye eda, mnajua, hatoki. Mumewe Wazir alikuwa akiwatembeza wageni kwa kayaki, ile mitumbwi ya plastiki ya kupiga kafi. Siku moja akazama mkondoni. Valary, mgeni wa Nairobi aliyekuwa naye, aliokoka kwa kuwa Wazir alivua jaketi lake la kuokolea akamvisha yeye. Mpaka leo binti huyo akisikia maji yakimiminwa ndooni hutetemeka. Ndiye aliyesema kayaki ilikuwa na ufa, ikajaa maji kwa chini.

Na Abdulwahid, mwenye kayaki, alisemaje mbele ya jeneza?

"Kadari ya Mngu, Bi Ruba. Subira."

Udongo wa kaburi haujakauka, akauziba ufa kwa gundi, akaipaka kayaki rangi nyekundu, akaiegemeza nyuma ya ukuta wa Ruba kungoja wageni wa Idi. Hana haya hata chembe!

Wazir alikuwa na mazoea. Kabla ya kushuka majini aliigonga kayaki tumboni mara tatu kwa mkono wa kulia, ule wenye gumba lililopasuliwa na chaza, asikilize kama kuna maji ndani.

Ku. Ku. Ku.

Ruba akaweka ungo chini. Watoto hao, akajisemea. Akachungulia dirishani. Kayaki ilikuwa peke yake juani.

Ku. Ku. Ku.

Sauti ilitoka ndani ya plastiki. Na kayaki ile imezibwa pande zote, hata mjusi hapiti.

Mara akamwona Abdulwahid anakuja na wageni wawili, kafi begani, anacheka. Wallahi, hofu yote ikageuka hasira. Ruba akatoka na eda yake, mpaka katikati ya uchochoro.

"Bi Ruba, rudi ndani! Ni haramu!"

"Haramu ni wewe! Usimsingizie Mngu ufa wako! Sema ulijua!"

"Ni kadari tu..."

Ku.

Wageni wakarudi nyuma. Kafi ikamponyoka Abdulwahid.

"Nilijua," akanong'ona. "Aliniambia inavuja. Nikamwambia nenda hivyo hivyo, wageni wanangoja."

"Ipasueni," Ruba akasema.

Fundi jirani akaleta msumeno. Ndani hamkuwa na kitu. Pakavu. Ila kwenye gundi, ile ile iliyopakwa baada ya mazishi, palikuwa na alama ya kidole gumba, kimebonyeza kutoka ndani. Katikati yake, kovu la chaza.

Kipande kile chenye alama Ruba amekikata, akakipigilia juu ya mlango wake, upande wa njiani, pale pale Abdulwahid anapopita kwenda msikitini. Kila alfajiri Ruba hukuta alama ile imelowa. Ameshaionja. Ni maji ya chumvi.