Nakala ya Tatu

Doa halikuwapo alipopiga picha. Mkaguzi aliapa hivyo peke yake chumbani mwake, katika nyumba ya wageni, na hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha maradhi ya majengo: ukuta umepasuka wapi, dari imelegea wapi, nguzo imeanza kuinama upande gani. Safari hii alikuwa ametumwa nchi ya mbali kukagua hoteli kuukuu iliyofungwa, wenyewe waamue kuivunja au kuiacha. Ukuta wa mwisho wa chumba cha kufulia aliupiga picha akiwa amesimama nao uso kwa uso; ulikuwa mkavu, una ufa mmoja mwembamba kama unywele. Sasa kwenye kioo cha kompyuta, chini ya ufa ule, palikuwa na doa la majimaji. Limekaa kitako. Lina mabega.

"Mabega gani," akajisemea. "Njaa hiyo."

Akaendelea na kazi. Mtu huyu alikuwa na woga mmoja tu duniani: kupoteza picha. Miaka ya nyuma aliwahi kuibiwa begi kituo cha basi, kazi nzima ikapotea, na bosi akamsema mbele ya wafagizi. Tangu siku hiyo, akiwa safarini, hakuvua viatu kabla ya kuhifadhi picha zake mahali patatu. Kwanza kompyuta. Kutoka kompyuta, diski ndogo aliyolala nayo chini ya mto. Kutoka diski, kwa mtandao, mpaka kompyuta ya nyumbani iliyokaa sebuleni. Hii ya tatu hata hakuibonyeza. Aliifundisha mashine mara moja, basi: chochote kikiingia kwenye diski hii, kitume nyumbani, usiniulize.

Mkewe alimchoka. "Kuta za watu zina nakala tatu," alikuwa akisema. "Harusi yetu ina ngapi?"

"Harusi naikumbuka kichwani."

"Haya, na kuta zikumbuke kichwani, utuachie mtandao tupumue!"

Jioni ile alinakili picha kwenye diski, akaifungua kuhakikisha. Doa lilikuwapo, ila sasa halijakaa. Limepiga goti moja, kama mtu anayetaka kuinuka. Akarudi kwenye ile ya kwanza, ya kompyuta. Ukuta mkavu. Ufa peke yake.

Akatazama huku, akatazama kule. Ukinakili picha, ya kwanza inabaki ilipo na ya pili inazaliwa. Mtoto wa shule anajua. Hii haikuzaliwa. Hii ilihama.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, harufu ya nguo zilizolowekwa zikasahaulika mpaka zikavunda, nzito, ya kukaa kooni, na akageuka kutazama bafuni ambako hakuwa ameloweka hata soksi. Bomba lilikuwa limefungwa, lakini tone lilisikika likidondoka, na halikudondoka bafuni. Lilidondoka karibu na mto, kwenye diski iliyokuwa bado imechomekwa.

Aliporudisha macho kwenye kioo, mstari wa kijani, ule wa kuonyesha picha zinavyotumwa nyumbani, ulikuwa umeshajaa. Imetumwa. Harufu ikakatika ghafla kama mtu aliyetoka na kufunga mlango. Akafungua picha ya kwenye diski. Ukuta mkavu.

Asubuhi simu ikalia mapema.

"Wewe, umeacha nini humu ndani?" Alikuwa mkewe. "Pananuka nguo zimevunda. Nimepekua mpaka chini ya vitanda, nimefua hata visivyo vichafu."

"Fungua madirisha."

"Nimefungua! Unadhani naishi gizani? Ngoja, huyu hapa anataka kukusalimia."

Binti yao alikuwa na miaka mitano, na kwa sababu ya alama nyeusi shavuni hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Kidoti tu.

"Baba, mgeni wako kafika."

Mkaguzi alikaa kitandani. "Mgeni gani, mama?"

"Huyu wa kwenye kompyuta. Kalowa. Anasema nisogee tuongee."

"Usisogee. Kidoti, unanisikia? Usisogee!"

"Mbona unamfokea mtoto?" Mkewe alikuwa ameshachukua simu, anacheka. "Anacheza huyo. Jana alikuwa na harusi ya vijiko."

Alivaa shati juu ya shati la kulalia, akachukua kompyuta na diski, akakimbia mpaka ile hoteli kuukuu. Langoni alikuwapo mama mshika funguo, mwanamke mfupi mwenye funguo kiunoni zilizolia chang'a chang'a kila alipopiga hatua. Hakumsalimu. Alimtazama miguu, kisha uso.

"Ulipiga picha ukuta wa mwisho."

"Si ndiyo kazi yangu!"

"Nilikwambia uuache."

"Ulisema una unyevu!"

"Nilisema uuache. Unyevu umeongeza mwenyewe, kaka."

Wakapanda mpaka chumba cha kufulia. Jana palinuka, leo palikuwa na vumbi tu. Mama yule alipitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kikavu.

"Jini akikaa kwenye jengo miaka yote hii, halafu asikie linavunjwa, aende wapi?" akasema polepole, kama anayezungumzia mpangaji. "Alikuwa anangoja wa kumbeba. Umempeleka wapi?"

Mkaguzi aliitazama kompyuta yake. "Kwangu. Kwa mke wangu na mwanangu."

Yule mama akazikusanya funguo zake kiganjani.

"Mimi si mganga," akasema yule mama. "Nafungua na kufunga, basi. Ila bibi yangu alilinda hapa kabla yangu, na ninachojua ni hiki: atarudi kwa njia aliyoendea. Picha ile ile irudishwe, uipokee humu humu, mlango ukiwa wazi, na kuta zake azione. Lakini akiwa anaondoka, mtoto asiwe karibu, wala asimguse anayeituma picha. Wakishazoea mtu hawaondoki wenyewe. Mwambie mkeo kweli yote. Usimfiche hata neno."

Mkaguzi alikaa sakafuni, kompyuta mapajani, akachomeka diski, akampigia mkewe. Na kweli yote ilikuwa pale, ulimini, maneno matano tu: kuna jini, mtoe mtoto, kimbia. Lakini akamwona mkewe akipiga kelele, akawaona mashemeji wakiitwa, akajiona yeye, mtu wa vipimo na rula, akiwa kichekesho cha ukoo mpaka uzeeni.

"Kuna picha moja imeharibika," akasema. "Ya ukuta wenye ufa. Nirudishie."

"Hilo tu? Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi. Kidoti yuko wapi?"

"Nimempakata."

"Mtoe nje akacheze."

"Na jua hili? Acha amri za mbali, baba Kidoti. Sema unataka nini nifanye, nina nguo zinachemka jikoni."

Mama mshika funguo alikuwa akimtikisia kichwa, mwambie, mwambie, na yeye akampa mgongo.

"Nitumie hiyo picha tu."

"Haya, nimeiona. Mh! Ukuta wenyewe una mtu?"

"Mama, nibonyeze mimi!" Sauti ya Kidoti ilikuwa karibu kabisa na simu, yenye furaha. "Kasema nibonyeze mimi!"

"Bonyeza basi, mchokozi."

"Usi—!" Mkaguzi alipiga yowe lililozunguka chumba kizima, likagonga dari iliyolegea, likamrudia mwenyewe, na ndani ya simu akasikia kitufe kidogo kikilia tik, na baada ya tik hiyo tone moja la maji, na baada ya tone hilo kimya cha nyumba yenye mtu mzima mmoja.

"Kidoti?" Mkewe hakuwa na hofu bado. "Kidoti, umeshuka saa ngapi wewe? Alikuwa hapa mapajani. Baba Kidoti, gauni langu limelowa. Limelowa lote."

Picha ikaingia kwenye diski. Mlango ulikuwa wazi, kuta zilikuwa pale pale, na harufu ile ikajaa chumba, lakini hakuna kilichotoka. Kwenye kioo, chini ya ufa, doa lilikuwa limesimama wima, na kando yake limesimama doa jingine, fupi, lililoinua mkono kushika mkono, na shavuni pake maji yalikuwa yameacha kitone kimoja kikavu.

"Mbona hatoki?" alinong'ona. "Mlango uko wazi. Mbona hatoki?"

Mama mshika funguo alikuwa ameshafika mlangoni, anarudi nyuma. "Atoke afuate nini huku kubovu," akasema, "na nyumba nzuri ameshaiona?"

Kutoka ndani ya kompyuta, kwa sauti ya mtoto aliyeambiwa aseme taratibu, ukatoka mnong'ono. "Baba, anasema akirudi nyumbani kwetu, njiani nafasi ni ya mmoja tu."

Na hapo ndipo alipouona mstari wa kijani. Mashine ilikuwa imepokea picha mpya, na ikawa inaituma nyumbani, kama mwenyewe alivyoifundisha kufanya, bila kumuuliza, kila siku, popote alipo duniani. Alipiga kiganja kwenye vitufe, akang'oa waya uliokuwapo na usiokuwapo, akafunga kifuniko na kukifungua tena, na mstari ulikuwa umeshajaa.

Tone. Chumba kikabaki na harufu ya vumbi.

Simu ilikuwa bado hewani. Mkewe alizungumza chini chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na mwingine aliye naye sebuleni.

"Baba Kidoti, ile harufu imerudi. Niambie ukweli sasa. Ulinitumia nini?"

Alitazama kioo. Lile doa kubwa lilikuwa limekauka. Lilibaki dogo peke yake chini ya ufa, mkono umeinuliwa, haujashika kitu.