Jina Alilopewa Mwenye Uwanja

Klara ndiye aliyegundua kwanza kwamba nyasi za shimo la saba hazikui. Ilikuwa mwaka 1968; wazungu walikwisha kufunga klabu yao ya gofu huku juu ya Lushoto, uwanja ukapewa kijiji uwe shamba la ujamaa. Kwingine magugu yalifika magotini. Pale zilikuwa fupi, na kila asubuhi zilinukia kama zimekatwa sasa hivi, wakati mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imefungiwa stoo bila tone la petroli.

Wanakijiji walipopanda viazi pale, kesho yake walikuta mbegu yote imefukuliwa na kurundikwa pembeni. Ernest, mumewe Klara, aliyetunza uwanja ule miaka kumi na miwili, alisema ni nguruwe. Nguruwe gani huyo asiyekula kiazi?

Kisha Klara, mwenye mimba ya miezi saba, akaanza kusikia mashine ikinguruma mchana kweupe, kila ukungu uliposhuka, ikisogea kutoka uwanjani hadi nyuma ya jiko lake, na ndani ya ngurumo ile sauti ikiita taratibu, Danieli, Danieli, jina la mwanawe wa kwanza aliyekufa kwa homa ya siku moja, jina ambalo mama mkwe alikwisha kumpangia mtoto wa tumboni, kwa kuwa ukoo wao haukubali jina la babu lipotee.

Akamwita mganga, Bi Mwanamwema. Wakaenda watatu hadi shimo la saba, mganga akafukiza ubani, kisha akamtaka Ernest aseme alichomwahidi jini wa mahali pale.

Ernest akakiri. Zamani nyasi zilimkaukia, mzungu akataka kumfukuza kazi, naye akaomba msaada. Jini akadai jina la mtu. Ernest akampa la baba yake marehemu, akijiona mjanja, maana aliyekwisha kufa atadhurika nini? Baadaye akazaliwa mtoto wa kiume, na wazee wakampa jina la babu yake.

"Na wewe ukanyamaza," Klara alisema.

"Ningewaambia nini wazee?"

"Ulimbeba mwenyewe kwenda kubatizwa, Ernest."

 Miaka mitatu Klara alikuwa akimfariji mtu huyu kwa msiba ambao mwenyewe alijua chanzo chake.

Mganga alisema ahadi haivunjiki. Jini atamchukua yeyote wa nyumba ile mwenye jina hilo.

Ernest akamsogelea mkewe, akanong'ona. "Tumwachie huyu wa tumboni. Sisi bado vijana, mama Danieli. Tutazaa mwingine."

Klara akapiga magoti, akainamia shimo.

"Mwanangu ataitwa Silvano," alisema. "Danieli aliyebaki nyumbani kwangu ni huyu hapa. Ernest Danieli, ndivyo alivyoandikwa."

Ukungu ukafunika uwanja. Mashine ikanguruma karibu kabisa, na Ernest akaanza kukimbia huku akimwita mkewe. Bi Mwanamwema akamshika Klara bega, akamwambia ageuke asitazame.

Klara hakugeuka.